Namba za Kifuani Zisichomwe



Juma lililopita, siku ya salongo, tulisafisha depo ya michezo. Ndani kulikuwa mipira iliyopasuka, nyavu zilizokuliwa na panya, na chini kabisa kartoni moja. Tulipoifungua tulikuta vitambaa vya namba, vile wakimbiaji wanafunga kifuani kwa pini, vikombe vitatu vya bati visivyo na jina, na kaye moja ya mbio. Wenzetu wawili walitaka kutupa yote mu shimo la takataka na kuwasha moto. Tuliwakataza. Walikasirika, wakasema kapita anapenda uchafu. Njo maana tunaandika.

Kwanza tukubali jambo moja. Hivi vitu si mali. Ata kikombe cha bati, ukikipeleka sokoni hakuna mtu atakupa kitu. Wengine wanatukumbusha 1 Wakorintho 9:25, pale mtume Paulo anasema juu ya taji lenye kuharibika. Ni kweli. Karibu na Korintho kulikuwa michezo ya Isthmia, na mshindi alivikwa taji la majani tu. Lakini mtume alisema linaharibika, hakusema lichomwe.

Tena sisi wenyewe tunajua kuacha vitu. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulikuwa nyumbani Goma. Kiisha, tarehe 27, serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na tukaenda kwa miguu mpaka Sake, karibu kilometa 25. Mama alibeba vyeti vya kuzaliwa, karatasi za masomo na godoro moja. Kopo letu la maziwa ya unga lenye medali mbili lilibaki chini ya kitanda. Tulilia kwa siri, lakini mama alikuwa na haki. Tuliporudi tulilikuta kopo pale pale. Wala hatuwezi kusema medali zile zilitufundisha kitu: nyuma yake hakukuandikwa neno, na moja yake ata leo hatukumbuki ni ya mbio gani.

Mwaka uliofuata, 2022, hapa masomoni, kopo likapata kitu cha tatu: kamba ya kiatu. Siku ya mashindano viatu vyetu vilifunguka nyayo kabla ya mita 1500. Rafiki mmoja, ambaye asubuhi alikuwa amekimbia mita 5000, alivua vyake akatupa, akakaa miguu mitupu kando ya kiwanja. Tukashinda. Kamba moja ilikatika, tukaibakisha. Medali tulionyesha kila mtu, enterna nzima, kijijini, kanisani. Jina la mwenye viatu hatukulitaja ata mara moja. Mwaka uliofuata hakurudi, minervale ilikosekana.

Kila mara tukifungua kopo, ni ile kamba inatutazama, si medali.

Wakati wa likizo iliyopita tulikutana naye Goma. Anasukuma chukudu, anabeba makala na viazi. Tulimwomba radhi. Alicheka sana, akasema: « Yaya, ulishinda na viatu vyangu, basi nusu ya medali ni yangu. » Kiisha akauliza neno moja tu: siku ile, kwa mita 5000, alikimbia dakika ngapi? Namba yake ilitupwa zamani. Hatukuweza kumjibu.

Ndugu zangu, jibu lilikuwa mu ile kartoni ya depo. Kaye inasema: mita 5000, wa pili, dakika 18 na sekunde 40, na jina lake kamili. Dakika tano zaidi na ingekuwa majivu.

Mwalimu wa michezo wa zamani aliandika kwa uangalifu mkubwa. Hakuandika washindi peke yao. Aliandika mpaka wa mwisho, na sababu: « alitoka malaria », « alianguka pale kona ». Mkongomani mwenzetu Gary Kikaya alikimbia mita 400 kwa sekunde 44.10 kule Stuttgart mwaka 2006, na ilibaki rekodi ya Afrika mpaka 2014. Tunaijua kwa sababu kuko mtu alipima na akaandika. Kwa mtoto wa masomo yetu, nani ataandika kama si sisi?

Basi tunaomba Bwana Prefe atupe tagere moja mu biblioteki. Vitambaa vifuliwe, vikauke kivulini, na pini zitolewe, maana kutu inakula nguo. Viwekwe mu kopo lenye kifuniko, panya wa hapa tunawajua. Nyuma ya kila namba tuandike jina, mwaka, mbio, muda, na mtu aliyesaidia. Hili la mwisho tunalisisitiza. Na kila mwaka, mbele ya mashindano, kartoni ifunguliwe na kaye isomwe kwa wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, pamoja na walioanguka kona.

Sisi tumekwisha kunakili mstari wa rafiki yetu kwenye karatasi, tutampelekea tukitoka mtihani wa Serikali. Kwa sasa kartoni iko chini ya kitanda chetu, enterna, karibu na mlango. Tunaondoka mwisho wa mwaka huu, tunatafuta mtu wa kuipokea. Kama uko na namba yako nyumbani, uilete Jumamosi baada ya kufua. Na uje na biki yako, yetu imeisha wino.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita