Afya ya Jamaa: Kutu Ndani ya Damu



Hapa Dilolo sawa kule Kolwezi, sisi wote tunajua kutu. Acha musumari inje wakati wa mvua, kisha siku chache utaona umeharibika. Lakini ndani ya damu yetu pia muna chuma, na chuma kile kinaweza kuharibika kwa njia inayokaribia ile.

Damu ni nyekundu juu ya kitu kinachoitwa hemoglobini. Kila hemoglobini iko na atomu 4 za chuma. Zinashika oksijeni katika mapafu, damu inaipeleka ku moyo, ku ubongo, ku miguu. Sumu fulani zikiingia mwilini, zinanyanganya chuma kile elektroni moja. Kinabaki mahali pake, lakini hakibebi oksijeni tena. Waganga wanaiita methemoglobini. Ni sawa treni imefika Dilolo na mabehewa yote, lakini milango imefungwa.

Kila mutu iko nayo kidogo, karibu 1 kwa 100, na mwili unaitengeneza tena. Ikipita 10 ao 15 kwa 100, midomo na kucha zinageuka buluu. Ikipita 50, mugonjwa anaweza kuzimia. Karibu na 70, mara nyingi ni kifo.

Sumu hizo zinatoka wapi?

Ya kwanza ni nitrati na ndugu yake nitriti. Nitrati ya amonia ni punje nyeupe zinazofanana na chumvi. Migodini wanaichanganya na mazuti kwa kupasua mawe, na wakulima wanaitumia kama mbolea. Nitrati inatoka pia katika vyoo na mavi ya nyama, inashuka mpaka ku visima vifupi. Vijidudu vya tumboni vinaigeuza nitriti, nayo ndiyo inaharibu damu. Batoto wa chini ya miezi 6 wanaumia kuliko wote, sababu miili yao haijapata nguvu ya kutengeneza damu iliyoharibika.

Ya pili ni shaba. Viwanda vya Kolwezi vinayeyusha mawe ya shaba kwa asidi, na maji yanayotoka ni mrututu, ile dawa ya rangi ya buluu. Huko India waganga wameona watu waliomeza mrututu: damu yao iligeuka kahawia, na chembe zake zikapasuka.

Musiseme ni mambo ya migodini tu. Mwaka 1944, mjini New York, wanaume 11 walikula uji katika mukahawa mumoja, wakageuka buluu. Ndani ya chupa ya chumvi mulikuwa nitriti. Mumoja wao alikufa.

Basi, tufanye nini?

1. Saki iliyobeba dawa ya migodi ao mbolea isiwekwe unga, muhogo wala chumvi, hata ukiisafisha mara kumi. Bido ya asidi isichotewe maji.

2. Punje nyeupe ao buluu usizozijua, usizionje. Usiziache mahali batoto wanafika.

3. Kisima kikae mbali na choo, na upande wa juu wake. Tena sikilizeni vizuri, bamama: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini nitrati haiondoki. Maji yanapungua, nayo inazidi. Mutoto muchanga apewe ziwa la mama tu mpaka miezi 6.

4. Anayerudi kazini na nguo zenye dawa, azivue na kuoga mbele ya kubeba mutoto.

Alama ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kuhema, midomo na ulimi wa buluu ao rangi ya majivu. Kwa ngozi nyeusi, angalieni ulimi na kucha. Damu inafanana na chokoleti, na hata ikipigwa na hewa haigeuki nyekundu. Mugonjwa akipewa oksijeni na rangi ile isibadilike, munganga afikiri juu ya sumu hii.

Pelekeni mugonjwa mbio ku hospitali, na mubebe ile saki ao chupa ili munganga aione. Dawa iko: inaitwa bulu ya methileni, inapitishwa ku mushipa. Lakini kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kitu kinachoitwa G6PD, na kwao dawa ile inaweza kupasua damu. Kama katika jamaa yenu kuna mutu aliyewahi kukojoa mukojo mweusi kisha kumeza dawa, museme mbele ya sindano.