UKURASA WA FUNDI: Betri ndogo kwa pikipiki ya selfu, itafaa?

Mwezi huu tulikuwa tuendelee na habari za majiko, lakini kuna barua imetufikia ambayo haiwezi kungoja. Mama mmoja wa hapa kambini ana kijana wake aliyerudi Rumonge, anabeba abiria kwa pikipiki kati ya Rumonge mjini na Minago. Selfu imegoma. Betri aliyokuwa nayo imeandikwa YTX7L-BS, dukani kuna ndogo zaidi, YTX5L-BS, na nyingine ndogo kuliko hiyo, YTX4L-BS, ambayo ndiyo rahisi kwa bei. Mama anauliza atume pesa ya ipi, manake pesa yenyewe ni ya mboga alizouza na hakuna nyingine nyuma yake.

Mama, kabla hujatuma hata senti, kijana ahakikishe kwanza kwamba betri ndiyo mbovu. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na maji kuingia katika nyumba za pwani, si vitu vichache vilivyolala majini, na pikipiki iliyolowa hivyo huota kutu kwenye waya wa hasi pale unapofungwa kwenye chesisi. Hapo hata ukiweka betri mpya selfu italia tik-tik tu. Afungue ule waya, asugue kwa msasa, akaze.

Halafu amtafute fundi redio mwenye mita. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12 imekwisha chaji. Iliyochajiwa vizuri, lakini ukibonyeza selfu inaanguka chini ya 9.5, hiyo imechoka kweli. Kisha awashe kwa kiki, aongeze mafuta kidogo, apime tena. Inatakiwa isome kama 14 hadi 14.8. Ikibaki chini ya 13, pikipiki haichaji, na betri mpya itakufa vilevile. Ikipita 15, ubovu uko kwenye regyuleta, kile kidude cha alumini chenye mapezi, nayo itaikaanga betri mpya.

Sasa tuseme betri ndiyo mbovu. Hizo namba zinasomeka hivi: 7L ina amperi-saa 6, 5L ina 4, na 4L ina 3. (Ndiyo, namba ya jina si amperi-saa. Wengi hukosea hapo, na wauzaji wengine nao hivyo hivyo.) Zote tatu zina kitako kimoja, milimita 113 kwa 70. Tofauti iko kwenye kimo: 7L ni milimita 130, 5L ni 105, 4L ni 85. Kwa hiyo zote zitaingia kwenye sanduku la zamani, na hapo ndipo mtego ulipo. Kuingia si kufaa. Herufi L nayo si pambo. Inahusu upande wa kichwa cha chanya. Akiletewa 7A, vichwa vimegeuka na umbo ni jingine, aikatae.

Kuna wanaosema betri ndogo itaungua kwa sababu pikipiki inatoa chaji ya betri kubwa. Hapana. Betri inavuta kiasi inachohitaji, na regyuleta ikiwa nzima haiizidishii. Shida ya betri ndogo ni nyingine. Selfu ya pikipiki inavuta amperi makumi kadhaa kwa mara moja, na betri ndogo inabanwa zaidi kila ukibonyeza. Dereva wa abiria anazima na kuwasha pengine mara 30 kwa siku, safari zenyewe fupi, betri haipati muda wa kurudisha ilichotoa. 4L kwa kazi hiyo ni kutupa pesa ziwani. 5L inaweza kumsukuma, kwa sharti kwamba kila asubuhi awashe kwa kiki, na selfu aitumie injini ikiwa na moto tu. Na ile nafasi ya milimita 25 inayobaki juu aijaze kwa kipande cha mpira wa tairi, isiruke ruke.

Sharti la pili ni la nyumbani. Tunajua jinsi ilivyo: kukiwa na msiba au harusi, betri ya pikipiki inatolewa iwashe taa. Balbu ya wati 5 tu, kwa masaa kumi, inakula kama amperi-saa 4. Yaani 5L imekauka kabisa kabla jogoo hajawika, na betri ya selfu ikikaushwa hivyo mara chache tu, basi.

Lakini mama, kwa maoni yetu usinunue ndogo bado. Barua yako inasema pikipiki ina kiki. Hiyo kiki inampa kijana muda. Pikipiki nyingi za namna hiyo zinawaka kwa kiki hata betri ikiwa dhaifu, kwa hiyo kazi haisimami. Aendelee kwa kiki, aongezee kidogo kwenye pesa yako, na 7L aiagize Bujumbura kwa dereva anayemwamini. Kwa barabara ya kando ya ziwa ni kilomita sabini na kitu tu. Ingekuwa pikipiki isiyo na kiki tungesema asiguse ndogo hata kwa bure.

Ikifika, asiifunge papo hapo. Atie asidi yote iliyokuja nayo, aiache nusu saa, kisha aichaji kwa chaja ndogo, si zaidi ya amperi 0.6, masaa matano hadi kumi. Wengi wanaruka hatua hii kwa haraka ya kazi, na betri haifiki kamwe nguvu yake kamili.

Imebaki ile ya zamani. Kando ya ziwa kuna wanaoyeyusha risasi ya betri kutengeneza vizito vya nyavu. Kijana asifanye hivyo, wala asimpe anayefanyia uani. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18 mahali ambapo watu walikuwa wakichambua na kuyeyusha betri. Vumbi la risasi halinuki, na mtoto analila kwa vidole vyake. Betri nzima, bila kupasuliwa, airudishe kwa muuzaji au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mpaka siku hiyo ikae juu mahali watoto hawafiki.

Mwezi ujao tunarudi kwenye majiko.