Mfuko wa Chakula cha Mbwa Usomwe, Usitazamwe Picha Tu

Wapo watakaoshangaa kuiona safu hii ikizungumzia chakula cha mbwa, hali wananchi wangali wakihangaika na bei ya mchele na unga. Tunawaomba wastahamili kidogo. Mbwa katika visiwa vyetu ni mfanyakazi. Wapo mbwa wa polisi, wapo walindao maghala na mahoteli, na huko mashamba wapo wa wasasi wapambanao na nguruwe mwitu waharibuo mihogo ya wakulima. Dini nayo, pamoja na kuweka mipaka yake, imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda mazao. Zaidi ya hayo, kiingiacho katika mfuko wa mbwa leo chaweza kuingia katika kikombe cha mtoto kesho, kama tutakavyoonyesha.

Chakula kikavu cha mbwa hutoka viwandani katika mifuko ya rangi, yenye picha ya mnofu mwekundu na mbwa mwenye manyoya yang'aayo. Wahenga walikwisha sema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukweli wa chakula hicho haumo katika picha, bali umo katika maandishi madogo yaliyo nyuma ya mfuko.

Katika nchi nyingi sheria humtaka mtengenezaji aorodheshe vitu vilivyomo kwa kufuata uzito, kilicho kizito kikitangulia. Kanuni hiyo ni njema, lakini ina mwanya. Uzito unaohesabiwa ni ule wa kabla ya kupikwa na kukaushwa. Nyama mbichi ya kuku ni maji kwa kadiri ya asilimia 70. Kilo moja ikikaushwa hubaki gramu 300 tu. Kilo moja ya mahindi makavu hubakiza zaidi ya gramu 850. Basi mfuko waweza kuandikwa "kuku" mwanzoni na "mahindi" baada yake, na bado kilichomo kwa wingi kikawa ni mahindi. Wengine hulipasua jina moja likawa matatu: unga wa mahindi, pumba za mahindi na protini ya mahindi. Kila kipande huonekana kidogo, lakini ukivijumlisha hupita nyama kwa mbali.

Jina la mbele nalo lina hesabu yake. Kwa kanuni zinazofuatwa Marekani, chakula kiitwacho moja kwa moja "nyama ya ng'ombe" hutakiwa kiwe na asilimia 95 ya nyama hiyo, pasipo kuhesabu maji ya kupikia. Kikiitwa "mlo wa nyama ya ng'ombe" hutosha asilimia 25. Kikiandikwa "pamoja na nyama ya ng'ombe" ni asilimia 3 tu, na kikiandikwa "ladha ya nyama ya ng'ombe" yatosha ladha yenyewe itambulike. Neno moja dogo huiondoa nyama karibu yote mfukoni, na mnunuzi asiyelisoma hulipa bei ile ile.

Hatusemi kwamba kila kisicho mnofu ni kibaya. Maini na figo ni chakula bora kwa mbwa, na unga wa kuku uliokaushwa vizuri huwa na protini nyingi kuliko kuku mbichi. Kasoro ni pale panapoandikwa "nyama" au "mafuta ya wanyama" bila kutajwa ni mnyama gani. Kwa wakazi wa visiwa hivi, ambao wengi wao hawataki kushika kitokanacho na nguruwe, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Itasemwa kwamba yatosha kutazama kiwango cha protini. Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Viwandani protini kwa kawaida haipimwi yenyewe. Hupimwa naitrojeni, kwa njia iliyobuniwa na Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, kisha hesabu huzidishwa kwa 6.25. Wadanganyifu waliitambua siri hiyo. Melamini, kemikali itumikayo kutengenezea sahani ngumu na mbao za meza, ina naitrojeni kwa theluthi mbili ya uzito wake. Ikichanganywa katika unga duni wa ngano, kipimo husema protini ni tele.

Mwezi wa Machi 2007, kampuni ya Menu Foods ya Kanada ililazimika kurudisha kutoka madukani makopo na vifuko vipatavyo milioni 60 vya chakula cha mbwa na paka, baada ya wanyama kufa kwa kuharibika mafigo. Melamini iligunduliwa katika protini ya ngano iliyotoka China. Mwaka uliofuata, 2008, kemikali hiyo hiyo ilikutwa katika maziwa ya watoto huko China. Watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 wakafa. Mbwa walitangulia kupiga kelele, wanadamu wakachelewa kusikia.

Adui wa pili ni sumukuvu, itokanayo na ukungu uotao katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwishoni mwa mwaka 2020 chakula kikavu chenye sumu hiyo kiliua mbwa zaidi ya 110 huko Marekani. Majirani zetu wa Kenya waliizika athari yake mwaka 2004, watu 125 walipokufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Moto wa jikoni hauimalizi. Visiwa vyetu, kwa joto lake na unyevu wa masika, ni makao mazuri kwa ukungu, hasa gunia likifunguliwa na chakula kikauzwa kwa kupimwa, bila tarehe wala jina la kiwanda.

Kwa hiyo tunazo rai kwa wahusika. Kwanza, Taasisi ya Viwango Zanzibar ihakikishe kila mfuko wa chakula cha wanyama, kiwe cha mbwa, kuku au ng'ombe, una maelezo ya Kiswahili, jina la mnyama aliyetumika na tarehe ya mwisho. Pili, kuuza kwa kupima kutoka gunia lisilo na maandishi yake kukomeshwe. Tatu, sampuli zichukuliwe bandarini, zipimwe sumukuvu na Mkemia Mkuu wa Serikali, na matokeo yatangazwe. Shehena itakayokataliwa iteketezwe. Isigeuzwe chakula cha kuku, kwani kuku na mayai yake huliwa na watu. Nne, ofisi zinazowanunulia mbwa wa Serikali chakula zisitazame bei peke yake.

Wafanyabiashara watalalamika kwamba upimaji utapandisha bei. Huenda ikawa hivyo kidogo. Lakini muuzaji mwaminifu ndiye anayeumizwa zaidi na mfuko wa udanganyifu uliowekwa ubavuni mwa wake kwa bei nafuu, na upimaji utamkinga.

Mwananchi naye afanye lake: ageuze mfuko, asome, anuse, na akiona ukungu aukatae. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wenzetu wamekwisha nyolewa zaidi ya mara moja.