Kauboi mpya aanze na sheria, si na bunduki

Mashariki mwa Congo, mlio wa risasi humaanisha kukimbia. Nchini Marekani, kuna raia wanaovaa kofia pana, wanajipa majina ya kikauboi na kupiga shabaha za chuma kwa silaha za mtindo wa karne ya 19: bastola mbili, bunduki ndefu na bunduki ya marisawa. Chama chao, Single Action Shooting Society, kilianzishwa mwaka 1987.

Anayetaka kuanza hukosea akikimbilia dukani. Silaha nne ni pesa nyingi. Afadhali aende kwanza kutazama mashindano, aulize, aazime za wenyeji. Miwani na vizibo vya masikio vitangulie kofia.

Haraka nayo isubiri: kila shabaha anayokosa humwongezea sekunde 5. Bastola ya risasi 6 hutiwa 5 tu, nyundo ikilala juu ya tundu tupu. Hujazwa mezani, mbele ya macho ya mwenzake. Baada ya zamu, silaha zote hukaguliwa kwamba ni tupu. Anayeelekezea watu mdomo wa bunduki anaweza kufukuzwa mashindanoni.

Hapo ndipo penye somo, hata kwa asiyependa mchezo huu: hakuna anayebeba silaha bila kuchungwa. Asiyekubali kukaguliwa, asianze.