Kangaja wa Samawati Si wa Kila Sebule

Katika maduka ya samaki wa mapambo kuna samaki mmoja anayemaliza ubishi mara tu mnunuzi anapomtupia jicho. Mwili wake ni wa samawati iliyopauka, uso mweusi, kifua cheupe, na mgongoni amebeba pezi la manjano kali linaloanzia kisogoni hadi karibu na mkia. Wanasayansi humwita Acanthurus leucosternon. Yumo katika jamii ambayo wavuvi wengi wa Pwani huijua kwa jina la kangaja. Maskani yake ni Bahari ya Hindi, kuanzia miamba ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Indonesia, na baadhi ya wanaoogelea kwenye sebule za Ulaya na Marekani walinaswa katika maji ya Kenya.

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani, akishapanga mawe, akachanganya chumvi na kufunga taa, humtafuta samaki wa katikati: yule mmoja atakayevuta macho ya kila mgeni, huku wengine wadogo wakibaki kumzunguka. Wengi humchagua kangaja huyu kwa kuona picha yake tu, hata kabla ya kununua kioo. Hapo ndipo mambo yanapokwenda mrama. Kwa nyumba nyingi kangaja wa samawati ni chaguo baya, na anayeumia kwanza ni samaki mwenyewe.

Sababu iko baharini. Kangaja huyu hukaa kwenye maji maangavu ya kina kifupi, juu ya mwamba ambao mawimbi hayauachi utulie. Kutwa nzima hula kama mbuzi, akikwangua mwani ulioshika kwenye jiwe, anadona, anasogea, anadona tena. Wengine hushika himaya na kumfukuza kila anayekaribia malisho yao. Kwingine hukusanyika makundi makubwa, wakavamia kwa pamoja malisho ya samaki wenye himaya, ambao hawana ubavu wa kuzuia umati. Kila upande wa shina la mkia amefichiwa kiwembe kinacholala ndani ya mfereji wake na kuchomoza wakati wa ugomvi. Huyu ni samaki wa mwendo, wa hewa nyingi na wa vita.

Sasa achukuliwe samaki huyo, ambaye mara nyingi hufikia sentimita 20 na ushei, awekwe kwenye kioo chenye urefu wa sentimita 120. Kwa mwenye nyumba hilo ni tangi kubwa, limekula ukuta mzima na limegharimu fedha nyingi. Kwa kangaja ni hatua chache za kwenda na kugeuka. Wafugaji wazoefu humtafutia tangi lisilopungua sentimita 180 kwa urefu, lenye lita 500 hivi, mkondo mkali wa maji na mwani wa kula siku nzima. Asipopata nafasi hiyo hugeuza tangi lote kuwa himaya yake, na kiwembe cha mkiani kikaanza kazi kwa majirani.

Halafu kuna safari. Kabla ya kusafirishwa, samaki hukaa bila chakula siku moja au zaidi ili asichafue maji ya mfukoni. Kisha hutiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mfuko ukafungwa ndani ya mwingine kwa sababu viwembe vya kangaja hutoboa plastiki, na yote yakawekwa kwenye boksi la kuzuia joto. Ndani ya mfuko samaki anaendelea kupumua na kutoa taka. Amonia inapanda, lakini kaboni dioksidi anayoitoa hufanya maji yawe na asidi, na katika maji ya aina hiyo amonia haina makali sana. Balaa huja pale mnunuzi anapoufungua mfuko na kuuacha ukielea kwa muda mrefu: kaboni dioksidi hutoroka, asidi hupungua, na ile amonia iliyokuwa imepoa hugeuka sumu. Mtu anaweza kumuua samaki kwa upole, akidhani anampa muda wa kuzoea.

Akinusurika hapo, kuna ugonjwa wa madoa meupe. Kila anayemfahamu kangaja wa samawati anajua jinsi anavyoshikwa upesi na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kimelea hujichimbia chini ya ngozi na ndani ya matamvua, hukaa siku chache kikinenepa, kisha hujiangusha na kujifungia kwenye jiwe au mchanga. Ndani ya gamba lake hujigawa, wakatoka watoto kwa mamia wakitafuta samaki wa kumshika. Ndiyo maana mfugaji huona madoa yamepotea, akafurahi, na baada ya wiki moja au mbili yakarudi yakiwa mengi zaidi. Dawa inayoaminika ni shaba, lakini shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Kwa hiyo haiwezi kumwagwa kwenye tangi lenye matumbawe. Samaki hana budi kutibiwa kwenye tangi la pembeni, na tangi kuu likaachwa bila samaki hata mmoja kwa zaidi ya miezi miwili ili kimelea kikose pa kuishi. Asiye na nafasi ya tangi la karantini amsahau kangaja huyu.

Kuna watakaosema kwamba maneno haya yanamwagia mchanga kitumbua cha mvuvi. Hoja hiyo ina uzito na inastahili kujibiwa kwa heshima. Biashara ya samaki wa mapambo ya Kenya ni ya miongo kadhaa. Wapiga mbizi hutoka sehemu kama Shimoni na Kilifi wakiwa na nyavu ndogo za mkononi na za kuzingira. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na maji yakawa ya vumbi, kazi hupungua. Kaskazi ikitulia wanarudi. Uvuvi wa namna hii, ukisimamiwa, hauharibu mwamba. Hauwezi kulinganishwa na yale yaliyoanza Ufilipino katika miaka ya 1960, ambako sayanaidi ilipulizwa kwenye mianya ya matumbawe ili samaki walewe na kuokotwa. Sumu hiyo huua matumbawe yenyewe, na samaki wengi walionekana wazima sokoni wakafa majumbani.

Lakini mvuvi wa Shimoni hapati faida yoyote kangaja wake anapokufa mwezi wa pili kwenye kioo kidogo. Pwani hii imewahi kuuza nje zaidi ya spishi 200 za samaki wa mapambo, na miongoni mwao wamo wadogo wanaoitosha sebule. Mmoja ni kitatange mdogo, Centropyge acanthops, mwenye kichwa na mgongo wa rangi ya chungwa na mwili wa buluu iliyoiva, asiyezidi sentimita nane. Anapatikana kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, akijificha kwenye vifusi vya matumbawe. Mara mojamoja huonja tumbawe lenye nyama, na mnunuzi aambiwe hilo mapema. Ila katika kioo cha sentimita 100 huyu ana mapango ya kuingia na kutokea, na akitulia huonekana muda mwingi wa mchana. Mnunuzi akimchagua huyu, mvuvi bado ameuza.

Wako wengine wanaotamanisha na wasiofaa, nao wapitiwe haraka. Kitatange mkubwa mwenye mistari ya manjano na buluu, Pomacanthus imperator, huuzwa angali mtoto wa kiganja, mwenye miviringo myeupe juu ya buluu nzito. Akikua hubadili nguo zote na kufikia sentimita 40, na matumbawe huwa sehemu ya chakula chake. Zanclus cornutus, mwenye pezi refu linalopepea nyuma, hula sifongo za baharini, na wengi wao hufa njaa mbele ya chakula kilichojaa. Hawa wapo kwenye miamba yetu, na anayewataka kwa moyo wote anaweza kuwatazama kwa miwani ya kuzamia kwenye hifadhi za Chumbe, Mafia au Kisite, wakiwa na bahari yote.

Samaki wa jamii ya Pterois, wale wa mistari ya kahawia na mapezi marefu yenye miiba ya sumu, wanahitaji onyo la peke yao. Ni wazuri na ni wagumu kufa, na ugumu huo ndio hatari yao. Mwaka 1985 mmoja alionekana kwenye maji ya Florida, mbali kabisa na kwao. Asili ya uvamizi ule inahusishwa na wafugaji waliochoka na samaki wao wakawaachia baharini. Leo wameenea Karibi yote, wakila samaki wadogo wa miamba ambayo haikuwahi kuwajua. Mtu aliyechoshwa na samaki wake amrudishe dukani au ampe mfugaji mwingine. Baharini asimpeleke, hata kama moyo wake una huruma.

Habari njema inatoka Hawaii. Upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, ndugu wa kangaja wetu, yule wa manjano matupu, alivuliwa kwa ajili ya matangi kiasi kwamba wapiga mbizi walilalamika miamba inabaki mitupu. Sheria ya mwaka 1998 ikafungua njia ya kufunga zaidi ya asilimia 30 ya ukanda ule wa pwani kwa wakusanyaji, na samaki wakaongezeka. Mwaka 2017 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaamua kwamba vibali vya kukusanya vilihitaji kupimwa athari zake kwa mazingira. Kabla ya hapo watafiti wa Oceanic Institute, iliyo chini ya Hawaii Pacific University, walikuwa wameshatangaza mwaka 2015 kwamba wamefaulu kumkuza kangaja wa manjano kuanzia yai. Haikuwa kazi ndogo. Kiluwiluwi wake ana kinywa kidogo mno, hula wanyama wadogo wasioonekana kwa macho, na huelea wiki nyingi kabla ya kuwa samaki kamili. Leo kangaja wa manjano waliozaliwa kwenye matangi wanauzwa. Wamezoea chakula cha kutupiwa, na baharini hakuna pengo waliloliacha.

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mnunuzi angepaswa kuuliza: huyu alizaliwa wapi? Udogo peke yake hautoshi. Samaki wa Banggai wa Indonesia, Pterapogon kauderni, ana sentimita nane tu, mwenye michirizi myeusi na madoa meupe juu ya fedha, na hutulia katikati ya maji hivi kwamba macho hayamwachi. Dume wake hubeba mayai na vifaranga kinywani, na vifaranga hao hawasambai na mikondo. Wakivuliwa sehemu moja hakuna wa kuja kuziba nafasi. Soko lilipompenda katika miaka ya 1990 alipukutika, na mwaka 2007 aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Cha kusikitisha ni kwamba huzaliana vizuri hata kwenye tangi la nyumbani. Aliyezaliwa tangini ni samaki wa katikati wa kujivunia. Aliyevuliwa baharini aachwe.

Na kwa mwenye tangi Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, kuna jambo la joto. Matumbawe ya tangini hupendelea nyuzijoto 24 hadi 27. Sebule ya Februari huvuka 30 kwa urahisi, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Umeme ukikatika pampu husimama, na anayehema kwanza ni samaki mkubwa wa mwendo. Jozi ya samaki wa anemoni, wale wa chungwa na mistari myeupe, hustahimili zaidi, huzalishwa kwa wingi, na hata wasipokuwa na anemoni yao huchagua kona na kuilinda. Wanaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Wote huanza wakiwa madume, aliye mkubwa akawa jike, na asubuhi moja mwenye nyumba huwakuta wakisafisha jiwe kwa midomo ili watage.

Maduka yanaweza kusaidia kwa gharama ya karatasi. Kwenye kila tangi la kuuzia kibandikwe kibandiko chenye mambo matatu: samaki alikozaliwa au alikovuliwa na kwa njia gani, ukubwa wake akishakua, na urefu wa kioo anachohitaji. Mnunuzi naye aombe samaki alishwe mbele yake. Kangaja asiyedona mwani dukani asitoke dukani. Na yule mwenye kioo cha sentimita 180, karantini pembeni na jenereta ya akiba, akiamua kweli kumfuga wa samawati, amwingize wa mwisho kabisa, wakati samaki wengine wameshajua mapango yao.