Kompyuta ya Ami

Ami yangu akaaye Ruiru ana kompyuta isiyo na ila ila uzee. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, fundi mmoja wa Thika akamwambia anunue mpya. Mstaafu anunue kwa lipi? Nikazinakili barua zake, nikamwekea Linux, ile iitwayo Ubuntu, yaani utu kwa ndugu zetu wa Kusini, nayo haiuzwi.

"Mwanangu, barua zangu ziko wapi?" Nikamwonyesha zote.

"Na Kiswahili je?"

Hapo nikaona haya. Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili, tangu 2004. Nami, mshairi mzima, nimemwekea Ami Kiingereza kwa mazoea tu! Kesho narudi Ruiru.