Safari ya Fort Jesus Ianzie Darasani

Ziara za shule za Nairobi katika ngome ya Fort Jesus zimekuwa za wachache, nazo hupangwa kwa pupa. Huku kwetu Tassia mambo huwa yale yale. Barua humfikia mzazi zikiwa zimesalia wiki tatu, naye hutakiwa kutoa maelfu ya shilingi kwa mkupuo mmoja. Siku ya kuondoka, wengine hupanda basi na wengine hubaki darasani wakinakili sentensi ubaoni. Waliokwenda nao hurudi na vikuku vya shanga na picha za ufuoni. Ukiwauliza habari za ngome watakujibu kwamba ina mizinga.

Sipingi ziara hizi hata kidogo. Mtoto aliyezaliwa katika ghorofa ya tano, ambaye kila jengo analolijua ni dogo kwa umri kuliko babu yake, ana haja kubwa ya kusimama mbele ya ukuta wa karne ya 16 na kuugusa. Ninachodai ni kwamba ziara iandaliwe kama somo, na iandaliwe mapema kiasi cha kumwezesha kila mwanafunzi kwenda.

Tuchukue somo lenyewe. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Hayo yamo katika kila kitabu cha historia, na mwanafunzi hana sababu ya kusafiri takriban kilomita 480 ili kuyasikia tena. Lakini mwulize swali hili kabla ya kuondoka: Yusuf bin Hassan alikuwa nani? Alikuwa mwana wa mfalme wa Mombasa, akapelekwa Goa angali mtoto, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala. Mnamo Agosti 1631 aliingia ndani ya ngome, akamuua nahodha wa Kireno na kuitwaa. Je, alikuwa mwasi, msaliti, au mwana aliyerudia dini na watu wake? Darasa likibishana juu ya hilo kwa wiki nzima, litaingia katika lango lile kwa macho mengine. Na juu ya lango litayakuta maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, yanayomsifu nahodha Francisco de Seixas de Cabreira kwa vita vyake katika pwani hii. Hapo mwanafunzi atajionea jinsi mshindi anavyojiandikia historia, wala mwalimu hatakuwa na haja ya kuhutubu.

Hali kadhalika mazingiwa ya Waomani, yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Wanafunzi wengi hudhani yalikuwa mapambano ya Waarabu na Wareno tu. Hawajui kwamba miongoni mwa waliokuwa ndani walikuwamo Waswahili na Waafrika wengine, na kwamba mwaka 1697 ulinzi uliwahi kuwa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza. Hawajui pia kwamba maradhi yaliua wengi mle ndani. Meli ya Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama mwaka huo huo mbele ya ngome. Vitu vilivyoopolewa humo na wapiga mbizi kuanzia 1977 vimo katika makumbusho. Zaidi ya hayo iko michoro ya meli na watu waliyoichora Wareno ukutani, na ambayo mwanafunzi mwenye tabia ya kuchora dawati lake ataielewa upesi kutuliko sisi!

Jambo moja husahauliwa kabisa. Kuanzia 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni. Ilifunguliwa kama makumbusho mwaka 1960 tu, na UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Kwa hiyo mzee wa miaka themanini leo alizaliwa wakati ingali gereza. Mtu asiyelijua hilo ataiona kama bustani nzuri yenye upepo wa bahari.

Wajapani wana desturi inayofaa kutazamwa. Safari ya masomo ni sehemu ya maisha ya shule kwao tangu 1886, ilipoanzishwa na chuo cha walimu cha Tokyo, na ngome za kale ni miongoni mwa mahali wanafunzi wanapopelekwa. Watu husafiri kutoka mbali kuiona ngome ya Osaka, ambayo mnara wake wa sasa ni wa saruji, uliojengwa 1931. Zetu ni kuta za matumbawe na chokaa za waashi wenyewe. Lakini lililo muhimu kwetu ni hili: katika shule nyingi za huko wazazi huchangia safari kidogo kidogo kila mwezi, kwa muda mrefu kabla ya siku yenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Tangu Januari 2024 nauli ya mtu mzima katika daraja la kawaida la treni ya Madaraka Express, kutoka Nairobi hadi Mombasa, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000, kabla ya malazi, chakula na kiingilio. Fedha hizo zikidaiwa kwa wiki tatu, mama anayeuza mboga kando ya barabara ya Outer Ring atasema hana, na atakuwa amesema kweli. Zikigawanywa kwa miezi kumi ni 300 kwa mwezi. Hata hivyo wako watakaoshindwa, na kwa ajili yao wazazi wenye uwezo, makanisa, misikiti na wafanyabiashara wa mtaani waombwe mapema, kwa heshima, bila majina ya watoto kutangazwa.

Treni naipendelea kuliko basi. Kituo cha Syokimau hakiko mbali na Tassia, na basi la shule haliruhusiwi kubeba wanafunzi usiku, hivyo safari ya barabara humaliza mchana wote. Fedha zikikosekana kabisa, Makumbusho ya Reli yako papa hapa mjini, nayo yana mengi ya kusema kuhusu Mombasa.

Safari yenyewe iwe Julai, katika muhula wa pili, na ngome itengewe asubuhi nzima. Bahari ingoje alasiri. Mwalimu wa historia na yule wa Kiswahili wagawane maswali. Kitabu cha michango kifunguliwe Septemba ya mwaka unaotangulia, na jina la mwanafunzi ambaye mzazi wake hana kazi liandikwe humo pamoja na mengine.